Mikono ya mama zetu inapouma na kufa ganzi: sababu zake na nafuu unayoweza kuipata nyumbani

Leo naweka kando bei ya mpunga na mambo ya kukatika umeme, nataka kuongelea mikono. Mikono ya mama zetu, dada zetu na shangazi zetu. Kwa sisi wa Ifakara na bonde zima la Kilombero, kuanzia Kidatu na Mang'ula mpaka Mlimba kule, mkono wa mwanamke ndo trekta na ndo mashine. Unalima, unapanda, unapalilia, unavuna, unapura, unapepeta, halafu jioni unasonga ugali na kukamua nguo za watoto. Mkono huo ukianza kusumbua, nyumba nzima inayumba. Nalijua hilo kwa sababu limetokea kwetu.

Mama yangu anauza maandazi, na mvua zikianza anahamia shamba kama wengine. Miaka michache iliyopita alianza kuamka usiku wa manane. Anakaa kitandani anakung'uta mkono wa kulia kama mtu aliyetoka kunawa akakosa taulo. Anasema vidole vinawaka moto na hapo hapo vimekufa ganzi. Kukicha anakuwa poa, anakanda unga wake kama kawaida. Sisi watoto tukasema ni baridi. Jirani akasema ni gauti, maana siku hizi kila maumivu ni gauti. Bibi akasema kuna mtu kamchezea. Mwaka ukaisha hivyo hivyo.

Baadaye tukaenda duka la dawa, silitaji ni lipi. Tukapewa vidonge vya maumivu pamoja na vingine vidogo vyeupe kwenye kipakiti cha nailoni, havina jina. Kweli maumivu yakapungua. Mama akajaa uso, ukawa wa duara kabisa, watu wakamsifia kwamba amenawiri na biashara inalipa. Kumbe ni zile dawa. Alipokuja kupimwa miezi kadhaa mbele, presha ilikuwa juu, tumbo linaunguza, na ile nyama nene iliyo chini ya kidole gumba ilikuwa imeshaanza kuisha, pamebonyea. Kikombe cha chai kilikuwa kinamponyoka.

Daktari aliyemuona hakuanza na vipimo vya gharama. Aliuliza swali moja tu: "Mama, na kidole kidogo nacho kinakufa ganzi?" Mama akafikiri, akasema hapana, hicho ni kizima. Daktari akaanza kuandika.

Lile swali lilinikaa kichwani. Mwaka mzima tulikuwa tunabishana kama ni baridi au gauti au uchawi, kumbe tulipaswa kuuliza ni vidole vipi na ni saa ngapi. Toka siku hiyo nimekuwa nasoma habari za mikono kila nikipata nafasi. Mimi nimeishia kidato cha nne, sio daktari, na haya hayachukui nafasi ya kupimwa. Lakini ukiyajua utafika kwa daktari ukiwa na la kumwambia.

GANZI YA USIKU

Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, pale unapofunga saa, kuna kijia chembamba. Sakafu na kuta zake ni mifupa midogo, na dari yake ni utepe mgumu usiovutika. Ndani yake zinapita kano 9 za kukunjia vidole, na kati yao kuna mshipa mmoja wa fahamu. Chukulia ile hiace yetu iliyojaza abiria 9 kwenye siti mbili, halafu kuna mwanafunzi mmoja kabanwa katikati. Abiria wakivimba kidogo tu, anayeumia ni mwanafunzi.

Kano zinaweza kuvimba kwa kazi ya kukaza na kukunja mkono kutwa nzima. Maji ya mwili yakiongezeka, kama wakati wa mimba, hali inakuwa hiyo hiyo. Mshipa ukibanwa, ganzi inatokea kule unakohudumia: kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole kidogo kina mshipa wake mwingine ambao haupiti kwenye kijia hicho. Ndo maana ya lile swali. Tatizo lenyewe kitaalamu linaitwa kapali taneli.

Kwa nini lizidi usiku? Kwa sababu tukilala tunakunja mikono bila kujua, wengine wanailalia kabisa chini ya shavu. Kifundo kikikunjwa, kijia kinazidi kubana. Mtu akiamka na kukung'uta, kinaachia. Mgonjwa akikwambia kwamba anapata nafuu kwa kukung'uta mkono, hiyo ni dalili nzito, usiichukulie kama hadithi.

Kipimo unaweza kukifanya hapo hapo ulipokaa. Gusanisha migongo ya mikono yako miwili mbele ya kifua, vidole vikitazama chini, vifundo vimekunjwa. Kaa hivyo dakika 1. Kama vile vidole vya upande wa gumba vinaanza kuchomachoma au kufa ganzi, una sababu ya kwenda kuonana na daktari. Kipimo hicho kinaitwa kwa jina la George Phalen, daktari wa upasuaji wa Marekani. Sio cha uhakika kwa asilimia mia, kinaweza kukosea upande wowote, ila ni cha bure.

Wanawake wanapata tatizo hili zaidi kuliko wanaume, mara nyingi linatajwa kuwa kama mara 3. Wanaoongoza ni wajawazito, wenye kisukari, wenye uzito mkubwa, waliowahi kuvunjika kifundo, na wale ambao tezi ya shingo inafanya kazi pole pole. Kwa hiyo dada mwenye ganzi mikono yote miwili apimwe na sukari, asiishie kununua dawa ya kuchua. Mjamzito asiwe na hofu sana. Kwa wengi hali hii inaisha yenyewe wiki au miezi baada ya kujifungua.

Sasa nafuu. Kubwa kuliko zote haina harufu ya mti shamba wala haiuzwi kwenye chupa: ni kulala na kifundo kilichonyooka. Hospitali wanatoa kifaa cha kufunga, ila kama hela haipo unaweza kutengeneza banzi lako. Chukua kadibodi ngumu au rula ya mbao, izungushie kipande cha kanga kuukuu ili isikwaruze, iweke upande wa kiganja kuanzia katikati ya kiganja mpaka katikati ya mkono, halafu funga kwa kitambaa. Kifundo kinyooke, vidole viwe huru kuchezacheza, na kitambaa kisikaze. Ukiona vidole vinabadilika rangi au vinapoa, umekaza mno, fungua. Vaa kila usiku kwa wiki 6 ndo uhukumu kama imesaidia. Mtu anavaa siku mbili halafu anasema haifanyi kazi, hapo ni kujidanganya.

Ikishindikana, kuna sindano ya steroidi inayochomwa kwenye kifundo na mtu anayejua anachofanya, na mwisho kuna upasuaji wa kukata ile dari ili mshipa upumue. Ni upasuaji mfupi, kwa kawaida mgonjwa yuko macho na mkono ndo umetiwa ganzi. Mama alifanyiwa. Moto wa usiku uliisha haraka hata sisi tukashangaa. Ile nyama iliyokwisha chini ya gumba haijarudi yote mpaka leo. Mshipa ukibanwa muda mrefu unakufa kidogo kidogo, na ule mwaka tuliobishana ndo uliokula nyama ile.

MAUMIVU YA GUMBA KWA MZAZI MCHANGA

Dada yangu yeye ilikuwa tofauti. Wiki chache baada ya kujifungua, akawa hawezi kumnyanyua mtoto. Maumivu makali upande wa kidole gumba, pale kwenye kifundo, na pamevimba kidogo. Hakuna ganzi. Akikamua nepi anapiga kelele.

Hapo zinazoumia ni kano 2 za kidole gumba zinazopita kwenye ala yake pembeni mwa kifundo. Ala ikivimba, kila gumba linapotikisika kano zinasuguana nayo. Ugonjwa unaitwa De Quervain, jina la Fritz de Quervain, daktari wa upasuaji wa Uswisi aliyeuelezea mwaka 1895. Nimecheka kidogo niliposoma, maana Ifakara na Waswisi tunajuana toka zamani, wamisionari na watafiti wao wameshinda hapa miaka na miaka.

Kipimo chake: ingiza gumba ndani ya ngumi, vidole vingine vilifunike, halafu taratibu kunja ngumi kuelekea upande wa kidole kidogo. Nasema taratibu, kwa sababu mwenye ugonjwa huu ataruka. Hata mtu mzima anasikia kuvutwa kidogo, kwa hiyo kinachohesabika ni maumivu makali.

Chanzo kwa wazazi ni namna tunavyowabeba watoto. Tunawashika chini ya makwapa, magumba yamesimama kama herufi L, halafu tunanyanyua kilo 5, kilo 6, mara arobaini kwa siku. Badala yake pitisha mkono mmoja chini ya makalio na mwingine mgongoni, viganja vikitazama juu, umzoe kama unavyozoa mpunga kwenye turubai. Na mbeleko ya bibi zetu ina akili nyingi hapa: mtoto akiwa mgongoni, uzito unabebwa na mgongo na kanga, mikono inapumzika. Dada alifungwa gumba lisichezecheze kwa wiki kadhaa, kazi ya kukamua akaachiwa shemeji. Shemeji alinung'unika lakini alikamua.

Ugonjwa huo huo unawapata wasusi. Kusuka rasta ni saa 5, saa 6 za kubana nywele kati ya gumba na kidole cha shahada, kifundo kimepinda. Na nyie wa simu msicheke, kuchati kwa gumba moja kutwa nzima nako kunaweza kukuletea maumivu ya hapo hapo.

Kuna ndugu yake mwingine, kidole kinachokwama. Unakunja kidole vizuri, kukinyoosha kinagoma, halafu kinaachia ghafla kwa mlio kama kufyatuka. Kano imepata kinundu au njia yake imebana pale kwenye shina la kidole. Wenye kisukari wanakipata sana. Pumzisha kidole, kifunge kikiwa kimenyooka usiku, na kisipoachia kuna sindano na upasuaji mdogo. Usikivute kwa nguvu.

VIUNGO VYENYEWE

Mama wa miaka 50 na kuendelea, hedhi imekoma, anaumwa shina la gumba anapofungua kifuniko cha chupa au kuzungusha ufunguo. Hapo mara nyingi ni kulika kwa kiungo, yaani ile gegedu laini kati ya mifupa imechakaa. Maumivu yanakuja na kazi na kupungua kwa kupumzika. Asubuhi mkono unakuwa mgumu dakika chache, ukianza kazi unalainika. Haiui, ila inakera.

Baridi yabisi yenyewe ni kitu kingine na ni hatari zaidi. Hapo kinga ya mwili inashambulia viungo. Wanawake wanaougua ni kama mara 3 ya wanaume, na wengine wanaanza wakiwa bado vijana kabisa. Dalili yake: vifundo na viungo vya katikati au vya shina la vidole vinavimba mikono yote miwili kwa pamoja, na asubuhi mikono inakuwa migumu kwa saa 1 au zaidi. Uchovu unakuwepo, homa ndogo ndogo pia. Huu haungoji tangawizi. Una dawa zake, mojawapo ni methotrexate, na zikianza mapema zinazuia vidole visipinde. Zikichelewa, vikishapinda vimepinda. Methotrexate haitumiwi na mjamzito wala anayetaka kushika mimba, lazima daktari aambiwe.

Na gauti yenyewe? Ipo, ila kwa wanawake ni nadra kabla ya hedhi kukoma, na inapenda kuanzia kwenye dole gumba la mguu, ghafla, likiwa jekundu na la moto. Ganzi ya vidole usiku sio gauti. Kumnyima mama nyama na maharage kwa ajili ya ganzi ya mkono ni kumwonea.

HOMA IKIPITA, MIKONO IKABAKI

Kuna ugonjwa ambao jina lake limetoka hapa hapa Tanzania na wengi hatujui. Mwaka 1952 na 1953 kulikuwa na mlipuko wa homa huko kusini, uwanda wa Makonde upande wa Newala. Wagonjwa walikuwa wanakunjamana kwa maumivu ya viungo. Wenyeji wakauita kwa neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, na dunia nzima leo inaita chikungunya. Unaambukizwa na mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana, sio yule wa malaria.

Homa inaisha baada ya siku kadhaa, lakini vifundo vya mikono, vidole na vifundo vya miguu vinaweza kuendelea kuuma wiki, miezi, na kwa baadhi ya watu hata zaidi ya mwaka. Kwa hiyo mama akikwambia mikono imeanza baada ya homa iliyopimwa malaria ikaonekana hakuna, mwambie daktari hilo. Angalizo moja: wakati homa bado ipo, usikimbilie diklofenaki wala aspirini, kwa sababu dengue inaanza kwa kufanana hivyo hivyo, nayo dawa hizo zinaweza kuleta kutoka damu. Dengue imewahi kulipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, na watu wa Ifakara na Dar tunaenda na kurudi kila siku. Parasetamo kwa kipimo chake ndo salama mpaka upimwe.

GANZI ISIYOUMA

Hii naomba msome taratibu. Kama ganzi iko kwenye kidole kidogo na cha pete, haiumi, mtu anaungua na sufuria bila kujua, na mahali fulani kwenye ngozi kuna baka lililofifia rangi ambalo ukiligusa kwa pamba halisikii, fikirieni ukoma. Bonde letu lina historia nao, wazee wa Ifakara wanaikumbuka Nazareti na wagonjwa waliokuwa wanatunzwa pale. Mdudu wake anapenda kushambulia mshipa unaopita nyuma ya kiwiko, pale ukigonga unashtuka kama umepigwa na umeme. Huo mshipa ndo unaohudumia kidole kidogo.

Ukoma unatibika. Dawa zake zinatolewa bure, Shirika la Afya Duniani limekuwa likizigawa bila malipo kwa nchi zote toka mwaka 1995. Mgonjwa akishaanza dawa hachelewi kuacha kuambukiza, na hakuna haja ya kumtenga mtu. Kinachopotea kwa kuchelewa ni vidole. Kuna wanaoficha baka chini ya mkono wa gauni miaka miwili kwa kuogopa majirani, na hilo linaniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Sio kila ganzi ya kidole kidogo ni ukoma lakini. Mshipa ule ule unaweza kubanwa kwa kuegemea kiwiko mezani muda mrefu, kwa mfano dada wa steshenari anayechapa barua za watu kutwa nzima. Baka lisilosikia ndo linalotofautisha.

KAZI HAZIACHIKI, ILA ZINABADILIKA

Daktari akikwambia "pumzisha mkono", mwanamke wa Kilombero anacheka. Mwezi wa 6 mpunga umeiva, upumzishe mkono ndege wale? Kwa hiyo niliona ni bora kuongelea vitu vidogo ambavyo mtu anaweza kubadilisha akiwa kazini.

Anza na vifaa. Mundu butu unakulazimisha kukamata kwa nguvu mara mbili, kwa hiyo tupa ya kunolea ni dawa ya mkono kuliko mafuta yoyote. Mpini mwembamba wa jembe au mundu nao unafanya ngumi ikaze mno. Uzungushie mpira wa tyubu kuukuu ya baiskeli mpaka unenepe, ngumi itakaza kidogo na jembe halitateleza likilowa. Kwenye kupura, anayepiga kwa fimbo mpunga juu ya turubai apokezane na mwenzake kabla mkono haujaanza kuuma, wasingoje uume kwanza.

Kukamua nguo ndo adui namba moja ndani ya nyumba. Blanketi halikamuliwi kwa vifundo. Lipitishe kwenye nguzo au bomba, shika ncha zote mbili kwa pamoja, uzungushe kwa kutumia mwili mzima. Au litundike likichuruzika maji, jua la Ifakara litamaliza kazi. Ugali wa watu wengi usongwe kwa mikono miwili, sufuria ikiwa imeshikwa imara na chini kidogo ya kiuno, ili nguvu itoke begani. Mama siku hizi anakanda unga wa maandazi kwa kitako cha kiganja na uzito wa mwili, vidole vimetulia, na unga anaugawa mara mbili. Ndoo ya maji usiibebe kwa vidole vinne vilivyoning'inia kwenye mkono wa waya. Kichwani bado ni bora.

Na kila baada ya nusu saa hivi, achia. Fungua vidole vyote kama nyota, funga taratibu, rudia mara 10. Nyoosha mkono mbele, kiganja kikitazama juu, vuta vidole polepole kwa mkono wa pili kuelekea chini, hesabu mpaka 15. Ikiuma au ganzi ikiongezeka, acha. Mazoezi ya mkono hayatakiwi kuuma.

MITI SHAMBA NA VITU VYA ASILI

Hapa najua ndo wengi mmepangojea. Maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 au 15 yanasaidia kweli kwa viungo vigumu vya asubuhi. Chumvi mnayotia haizidishi kitu, ni lile joto. Palipovimba na kuwa pa moto, kitambaa cha maji baridi ni bora. Ila mkono wenye ganzi, maji yapimwe na mtu mwingine au kwa kiwiko. Wapo walioungua wakijitibu.

Tangawizi na manjano zimefanyiwa utafiti, sanasana kwa maumivu ya magoti, na zinaonekana kupunguza kidogo. Kidogo. Tia kwenye chai na mboga, hakuna ubaya, lakini anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda asinywe vijiko na vijiko bila kumuuliza daktari. Pilipili ina kitu kinachopunguza maumivu ya viungo na kuna mafuta ya hospitali yanayotengenezwa kwa kitu hicho. Usiisage mwenyewe na kupaka, utaamka na malengelenge, na usiombe uguse jicho. Kuchua kwa mafuta ya nazi kunaleta raha na kulegeza misuli, ila hakufungui kile kijia cha kifundo. Bangili za shaba zimepimwa, hazikuonyesha tofauti na bangili ya kawaida. Ukiipenda vaa kama urembo.

Chale za wembe kwenye kifundo hapana. Mshipa uko karibu sana na ngozi pale, unaweza kuukata, bila kutaja uchafu wa wembe. Na ile "dawa ya asili" ya unga inayotibu maumivu kwa siku 2 tu, iogope. Mingine imewahi kukutwa imechanganywa na steroidi za hospitali, zile zile zilizomjaza mama uso. Kama umeshaitumia wiki nyingi usiiache ghafla, mwili unaweza kuishiwa nguvu mpaka kuzimia. Nenda nayo kwa daktari, aipunguze kwa mpango.

Diklofenaki na ibuprofeni zinasaidia kwa siku chache baada ya kula. Sio za mwenye vidonda vya tumbo, sio za mwenye figo mbovu, mwenye presha awe mwangalifu, na mjamzito asizinunue kwa kujiamulia, hasa mimba ikishapita wiki 20.

WAKATI WA KUONDOKA NYUMBANI

Nenda zahanati au kituo cha afya, na kama itabidi waandikiwe rufaa kwenda Mtakatifu Fransisko, ukiona nyama ya chini ya gumba inapungua, vitu vinakuponyoka, ganzi imekuwa ya mchana na usiku, viungo vimevimba mikono yote zaidi ya wiki kadhaa, au kuna baka lisilosikia. Nenda siku hiyo hiyo ukiona kiungo kimoja kimevimba ghafla, ni cha moto na una homa, au kama umeanguka na kifundo kinauma chini ya gumba hata kama hakijapinda. Na kama mkono mmoja umelegea ghafla pamoja na mdomo kupinda au kuongea kwa kukwama, hiyo ni kiharusi, tafuta usafiri dakika hiyo.

Kabla hujaondoka, chora mkono kwenye karatasi, weka alama vidole vyenye ganzi, andika saa inapoanza na kazi uliyoifanya siku hiyo. Beba na vidonge vyote ulivyokunywa, hata vile visivyo na jina. Sisi tulienda bila hata kimoja, tukabaki kumwelezea daktari kwa rangi: vidogo, vyeupe, vya duara.